Debe la Beti Tatu

Nyamira, 9 Januari 1995

Wifi Benter,

Hujambo wewe, na kaka yangu Obadiah, na Sheryl wangu? Huku tunaendelea. Jua limewaka tangu mwaka uanze lakini mboga zetu za chinsaga bado ziko, na ng'ombe amezaa ndama jike mwenye baka jeupe usoni. Mama alitaka kumwita Sheryl, nikamwambia atakosana na mjukuu wake.

Krismasi tuliwangoja. Mama alikataza chakula kisiguswe mpaka saa tisa, akitazama njia. Kutoka Kisii hadi hapa si safari ya kupanda ndege, wifi. Lakini sikulaumu, najua kazi ya udereva wa serikali haina sikukuu. Mama mwenyewe magoti yamemkamata. Tangu mwishoni mwa Novemba hashuki tena chemchemini, anakaa mlangoni na kututuma kama karani wa chifu.

Sasa nikueleze jambo linalotunyima raha. Kile kitabu cha kijiji umewahi kukiona kwenye meza yangu, lakini hukuwapo siku kilipozaliwa. Mwaka juzi lilikuja shirika moja, na bibi wao aliyevaa raba. Alituita sote kwenye uwanja wa shule tukachora kijiji chetu chini kwa kijiti: harage moja kwa kila nyumba inayochota maji kwenye chemchemi yetu, punje ya mahindi kwa kila choo, jani la mkaratusi penye miti. Akasema watu wa ofisini hawawezi kutujulia kama tunakwenda mbele au tunarudi nyuma. Tupime wenyewe, tuandike wenyewe, na tukiulizwa tusijibu kwa mdomo, tufungue kitabu. Wakanichagua mimi kuwa mwandishi kwa sababu ya huu mwandiko wangu wa nasari, ambao hata Mzee Onsongo, mwenyekiti wetu, anausoma bila miwani.

Vyoo ni rahisi, unavihesabu. Watoto walioharisha, unawauliza mama zao. Kazi ni maji. Mwanzoni tulitumia saa ya mwalimu mkuu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla mtu hajachota, tunaweka debe la lita ishirini chini ya bomba tuone linajaa kwa muda gani. Kisha mwalimu mkuu akahamishwa, akaondoka na mkono wake na saa yake. Ndipo mama akauliza, kwani sisi hatuna wimbo? Akaanzisha ule wimbo wake wa kanisani wenye beti nne, sisi tukaitikia, na debe likajaa beti tatu zikiisha. Tangu siku hiyo tunapima hivyo. Mwezi hadi mwezi nimeandika: beti tatu, beti tatu.

Desemba hatukupima kwa sababu ya harusi. Jumatatu iliyopita tumepima, na wimbo umeisha debe halijajaa. Ilibidi turudie ubeti wa kwanza. Beti tano, wifi. Mwanamke mmoja akaanza kulia kana kwamba amepokea habari ya msiba. Ikiwa ni tatu kwenda tano ndani ya miezi miwili, chemchemi inakufa mbele ya macho yetu.

Kamati itakaa. Kuna miti inayosemwa kwamba inakunywa maji. Nitakuandikia wakishaamua.

Wako,
Nyanchera

*

Mosocho, 2 Februari 1995

Wifi Mwalimu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mmoja una sindano. Barua yako ilifika kwenye sanduku la duka kama kawaida, na Rekha, mke wa Ratilal mwenye duka, akaniletea hapa verandani kwenye cherehani akisema, "Benter, mlima umekuandikia." Sisi ni wazima. Sheryl ameingia darasa la pili na anajua kusoma alama zote za barabarani, matokeo ya kuwa na baba dereva. Obadiah anawasalimu. Ana shughuli.

Pole kwa magoti ya mama. Mwambie ayakande kwa maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni, asiseme tu kwamba ameyakanda.

Habari ya maji imenisikitisha, lakini pia nimecheka, nisamehe. Nyinyi watu wa milimani mnapima maji kwa wimbo. Kwetu ziwani tungejaribu hivyo tungemaliza vitabu vyote vya nyimbo na viti vya kanisa tungevikalia mpaka vivunjike.

Sasa, miti gani? Uliandika "kuna miti inayosemwa" kisha ukafunga barua kama mtu anayefunga duka mteja akiwa ndani. Miti yetu haijambo? Unajua Obadiah aliipanda mwaka ule Sheryl alipozaliwa, na Desemba hii ndiyo aliyoahidi kwamba itatosha mbao za paa. Sikufichi, wifi, ninaihesabu miezi. Miaka tisa nimekuja kwenu nikalala kwenye kitanda cha wageni. Mama hajawahi kunitamkia neno baya, lakini hata neno zuri huwa ananiambia kwa adabu, kama mtu anayemwambia mgeni. Nyumba yangu ikiwa na paa, na moshi wangu ukipita katikati ya moshi wenu, hapo nitajua nimeolewa.

Niandikie upesi.

Benter

*

Nyamira, 27 Februari 1995

Wifi Benter,

Barua yako ililala shuleni wiki mbili. Mwalimu mkuu mpya ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la posta na alikuwa kwenye semina. Sisi ni wazima. Ndama ananenepa. Mama anasema ameyakanda magoti, na mimi pia najua hajayakanda.

Kabla sijaendelea: juu ya barua umeandika Mosocho. Siku zote ulikuwa ukiandika Kisii Mjini, kwenye nyumba za serikali. Kuna nini?

Nimeshika kalamu hii mara tatu nikaiweka. Basi nikuambie. Miti inayosemwa ni yenu.

Kamati ilikaa tarehe kumi na tatu. Tulikuwa tumepima tena Februari, ikawa beti tano tena, na mzee Onsongo akaagiza kitabu kisomwe mbele ya watu. Mimi ndiye niliyekisoma, kwa sauti yangu. Vyoo vimeongezeka kumi na vinne. Watoto wanaoharisha wamepungua. Maji, kutoka beti tatu hadi tano. Onsongo akauliza, juu ya chemchemi kuna nini? Kila mtu alijua jibu, wakanitazama. Hakuna miti mingine karibu ila mikaratusi ya Obadiah. Yeye Onsongo si mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba tulikubaliana tangu mwanzo kitabu kikisema tutasikia, hata kikimsema mwenye kalamu. Wameamua yote ikatwe na visiki ving'olewe Jumatatu tarehe 24 Aprili, baada ya Pasaka, isipokuwa Obadiah mwenyewe aje aseme jambo la kuwazuia.

Nilitaka kuandika beti nne badala ya tano. Nakuambia ukweli. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi na hakuna aliyekuwa akinitazama. Lakini nyumba sitini na mbili zinakunywa maji yale, na mtoto wa jirani yetu alipona kuhara kwa sababu ya yale maji.

Nimesema sitini na mbili kwa sababu ndivyo ukurasa wa kwanza unavyosema. Nikizunguka kwa miguu napata sitini na moja. Onsongo huniuliza kila mwaka, nami humwambia amwulize mama. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Mwambie kaka aje. Tafadhali.

Nyanchera

*

Mosocho, 20 Machi 1995

Nyanchera,

Tuko wazima. Natumaini nanyi mko wazima.

Nimekaa na barua yako wiki nzima ili hasira ipoe, haikupoa, kwa hiyo naandika nayo. Miaka minane miti ile imesimama pale. Ilikunywa nini miaka yote hiyo? Mwaka juzi beti tatu, mwaka jana beti tatu, kisha ghafla mwezi huo mmoja ikaona kiu? Hamkujiuliza? Au ilikuwa rahisi kwa sababu ni miti ya mtu asiyekuwapo, na mkewe ni wa ziwani, hana wa kumsemea kwenye mkutano?

Tena ni kitabu gani hicho? Mnacho kitabu kisichoweza hata kuhesabu nyumba, kinasema sitini na mbili wakati macho yanaona sitini na moja, halafu kitabu hichohicho ndicho kinakata paa langu. Mngeanza kukirekebisha hicho kabla ya kuchukua mashoka.

Kuhusu Obadiah, hawezi kuja sasa. Usiniulize kwa nini. Sijamsomea barua yako. Kuhusu Mosocho, tulihama, basi.

Nimeandika maneno makali na nitayatuma hivyohivyo, kwa sababu nikiandika upya nitasema uongo. Mpe mama salamu zangu, usimsomee haya.

Benter

*

Nyamira, 3 Aprili 1995

Wifi,

Hujambo. Mama hajambo kidogo. Sikumsomea.

Umeniumiza, lakini sehemu moja ya barua yako imenikaa kichwani, pale unapouliza kwa nini kiu iwe ghafla. Nimejiuliza pia. Leo asubuhi nilishuka mapema, nikahakikisha bomba halijaziba na debe ni lilelile lililobonyea ubavuni. Nikasimama mahali pa mama, nikaanzisha wimbo mwenyewe kama nilivyofanya tangu Januari, nikahakikisha kila neno limetamkwa vizuri, kama ninavyowaimbisha watoto wangu wa nasari wakiingia darasani kwa mstari. Hatukuruka hata neno moja. Beti tano. Basi ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo sikuficha wala sikuonea. Nilipima nikaandika.

Shule inafungwa Ijumaa, na sanduku halitafunguliwa mpaka Mei. Ukinijibu kwa posta sitapata kabla ya tarehe 24. Kama kuna neno, lije na mtu.

Nawapenda, hata kama huamini leo. Ninalia ninapoandika, na wino huu wa bei rahisi unaonyesha.

Nyanchera

*

Mosocho, Ijumaa, 21 Aprili 1995

Wifi wangu, wifi yangu, mwalimu wangu,

Anayekuletea barua hii ni kaka yako mwenyewe. Mpe maji ya kunywa kwanza, kisha usome ukiwa umekaa.

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni siku kumi. Juzi nilikuwa nashona sare za shule, huku nauimba ule wimbo wa mama kwa sababu haukutaka kutoka kichwani. Sasa mimi nikishona mshono mrefu wa sketi, mguu unakwenda mbio na wimbo unakwenda mbio nao. Nikifika kwenye kola, mguu unatambaa, na wimbo unatambaa pia. Nilikuwa kwenye kola. Nikajisikia ninaimba kama mama. Nikasimamisha mguu.

Unakumbuka siku tuliyompeleka Sheryl kanisani kubarikiwa? Mama alianzisha wimbo huohuo. Kati ya neno na neno ungeweza kumenya ndizi. Mchungaji alitazama dirishani, Obadiah akaketi, akasimama tena, na ubeti ulikuwa bado. Ndivyo mama anavyoimba na ndivyo alivyoimba pale chemchemini mwaka mzima, nanyi mkimfuata. Wewe unaimba kama mwalimu wa nasari. Watoto arobaini wanaingia darasani na hutaki mmoja atorokee chooni. Tangu Novemba mama hashuki. Tangu Januari beti ni tano. Hakuna kilichokauka, wifi. Aliyebadilika ni mwimbaji.

Sikutaka kujiamini kwa hasira yangu, kwa hiyo nikamwita Rekha. Nikamwambia, simama mbele ya saa ya ukutani uangalie mshale mwembamba. Akasema, "Wateja wako ndani, Benter." Nikamwambia, paa langu liko kwenye saa yako. Akasimama. Nikaimba ubeti mmoja kama mama, kwa heshima zote, na wateja wakatoka dukani kutazama nani amefiwa. Sekunde hamsini. Nikaimba kama wewe. Sekunde thelathini. Rekha akasema turudie, tukarudia mara nne, mpaka Ratilal naye akatoka na kalamu sikioni na kuanza kuitikia. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwalimu: beti tatu za mama na beti tano zako ni muda uleule. Dakika mbili na nusu.

Lakini msiniamini mimi, mimi ndiye mwenye miti. Kurasa za kwanza za kitabu chako zina vipimo vya saa ya yule mwalimu mkuu. Fungua uone uliandika dakika ngapi. Obadiah amebeba saa ya mezani ya Rekha yenye mshale wa sekunde. Rekha ametuazima. Pimeni Jumatatu kwa saa, halafu mpime na mama akiimba, hata kama ni kumbeba. Ikiwa kweli maji yamepungua, nitashika shoka mwenyewe. Nimesema na nimeandika.

Sasa yale niliyokataa kusema. Obadiah hana kazi. Walipunguza madereva Oktoba iliyopita na jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Nyumba ya serikali tuliitoa Novemba, tukapanga chumba hapa Mosocho. Krismasi hakuja kwa sababu hakuweza kumtazama mama, na mimi sikuandika kwa sababu aliniapisha. Kila asubuhi anavaa shati safi na kutoka, ili Sheryl asijue. Nilipomsomea barua zako zote jana, alisema, "Kumbe walikuwa wananingoja mimi, na mimi nilikuwa nimejificha kilomita thelathini." Asubuhi akaomba nauli.

Kwa hiyo ile nyumba si ya kulalia Krismasi tena. Ndiko tutakakoishi. Ndiyo maana nilikutukana, na sasa ninakuomba radhi kwa kila neno, hasa lile la ziwani. Lakini naogopa, wifi. Sijui mama atanipokeaje, mkamwana asiyejua hata leo kusonga ugali wa wimbi ukashikana, anarudi na mume asiye na mshahara. Mwulize, ukiweza, uniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Wako,
Benter

*

Nyamira, 2 Mei 1995

Wifi Benter,

Pumua kwanza. Miti ipo.

Sasa salamu. Sisi ni wazima, wazima sana. Ndama ametafuna ukingo wa kitabu cha kijiji nilipokisahau kwenye ua, lakini ni jalada tu. Barua hii nimeipeleka mwenyewe posta ya Nyamira, sikutaka kungoja shule ifunguliwe.

Obadiah alifika Jumamosi akiwa amekumbatia ile saa kama mtoto mchanga. Nilisoma barua yako mara mbili, kisha nikakimbilia kitabu. Miezi ile ya mwalimu mkuu ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: dakika mbili na nusu, dakika mbili na nusu. Nilikaa chini sakafuni. Miezi minne nimelala vibaya kwa sababu ya sauti yangu mwenyewe.

Jumatatu wanaume sita walikuwa tayari juu ya chemchemi na mashoka yamenolewa. Nikamwomba Mzee Onsongo ruhusa, nikasimama mbele ya wote nikasema kosa ni langu, mimi huimba haraka. Watu hawakuelewa. Mmoja akauliza kama hiyo ni dhambi mpya. Ikabidi nieleze kwa mfano, nikaimba ubeti wangu, kisha nikajaribu wa mama, na hapo wanawake wakaanza kupigana mabega na kucheka, kwa sababu walikumbuka. Kumbe nao walikuwa wamefurahi tangu Januari kwamba kupima kunakwisha upesi, hakuna aliyefikiri zaidi.

Onsongo hakucheka. Akasema tupime. Tukapima kwa saa ya Rekha, na Onsongo mwenyewe akiishika mkononi: dakika mbili na sekunde arobaini. Kisha Obadiah na mwenzake wakamleta mama kwenye kiti. Alilalamika njia yote kwamba wanamtikisa, akafika, akajifunga leso vizuri, akaimba. Beti tatu, na maneno mawili ya ubeti wa nne. Sijawahi kuupenda wimbo ule kama siku ile, nami nimeulalamikia tangu utoto.

Utaona zile sekunde kumi. Onsongo aliziona pia. Maji yamepungua kidogo, kweli, na miti iliyo karibu kabisa na jicho la chemchemi haina faida pale. Wameamua safu mbili za chini ziondoke, miti kumi na mmoja, na mahali pake ipandwe ya kienyeji. Obadiah alikubali palepale na ndiye aliyepiga shoka la kwanza. Iliyobaki isiguswe mpaka mwisho wa mwaka, mkiezeka. Anasema inatosha paa na inabaki ya milango.

Onsongo akanigeukia akasema, "Mwandishi, andika hilo la kuimba pia." Nimeandika. Ukurasa wa ishirini na tatu: Januari hadi Aprili, kosa la mwandishi, aliimba haraka. Lisomwe na wajukuu.

Jioni Obadiah alimweleza mama habari ya kazi. Alikuwa ametayarisha maneno mengi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama wewe na Sheryl mnakula vizuri, na kwa nini mtu mzima avae shati safi kila siku kumdanganya mtoto wakati huku kuna majani chai ya kuchuma. Obadiah amebaki naye wiki hii, wanatengeneza ua.

Sasa swali lako. Sikumwuliza, kwa sababu jibu ninalo tangu mwaka juzi. Mama ndiye aliyenikataza kulisema. Jana nilimwambia nitakuambia hata akininyima chai, akasema, "Sema basi, umechelewa."

Siku ile ya ramani kwenye uwanja wa shule kila mtu aliweka harage penye nyumba yake. Mama akaweka lake. Halafu akachukua jingine, akaliweka kando, pale patupu kati ya ua wetu na mikaratusi. Bibi wa shirika akamwambia kwa adabu, mama, leo tunaweka nyumba zilizopo tu. Mama akasema, ipo. Akaulizwa ni ya nani. Nilidhani atasema ya Obadiah. Akasema, "Ya Benter." Bibi akajaribu kuliondoa, mama akaketi karibu nalo, akakunja miguu, ungali wakati wa magoti mazima, na hakuondoka mpaka ramani yote ikanakiliwa kwenye karatasi. Ndiyo maana kitabu chetu kina nyumba sitini na mbili. Mara mbili Onsongo alitaka niifute hiyo ya ziada, na mara mbili mama alinitazama.

Kuhusu adabu yake kwako, nadhani anaogopa Kiswahili chake. Alisoma darasa moja. Akisema nawe huchagua maneno kama anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni, usifikiri ni ugeni.

Nakukumbatia.
Nyanchera

*

Mosocho, 11 Desemba 1995

Wifi Nyanchera,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa ndama aliyesoma kitabu. Hii ni barua yangu ya mwisho kutoka huku. Jumapili tunahama. Obadiah ameniambia paa limekamilika na kwamba mvua ya Alhamisi ililijaribu ikashindwa. Cherehani itakuja nami. Ratilal amekubali niwe nachukua vitambaa na kushonea huko, na Rekha amesema saa nikae nayo, yeye ana ile ya ukutani. Alilia kidogo, akasema ni vumbi la majora.

Ile barua yako ya Mei nimeitembeza mfukoni mpaka imekatika kwenye mikunjo. Siku niliyoisoma nilikuwa na gauni la mteja mapajani, nilipofika penye harage machozi yakalilowesha lote, ikabidi nilipige pasi upya. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilala kwenye kitanda cha wageni na kujihesabu sina mahali, kumbe nilikuwa nimeandikwa ukurasa wa kwanza.

Kitanda hicho kifungeni, kipeni mgeni. Mwambie Mzee Onsongo azunguke kwa miguu tena Jumatatu ijayo na ahesabu polepole, atapata sitini na mbili.

Na Jumatatu ya kwanza ya Januari nitashuka nanyi chemchemini, nishike saa mimi, uandike wewe. Mama mleteni kwa kiti. Asipime chochote, mwambie aimbe tu kwa mwendo wake, na hata debe likijaa na kufurika asikatishwe, amalize beti zote nne.

Wako,
Benter